Marehemu Mtarajiwa wa Taifa

Nchi yenyewe sitaitaja. Nikiitaja, wenyewe watakasirika, na wasio wenyewe wataapa kwamba ni yao. Itoshe kusema kwamba ina mlima, ina mto, ina bendera, na ina Baba Mlezi, ambaye picha yake imetundikwa katika kila chumba isipokuwa chooni, na suala la chooni bado liko kwenye kamati. Ukihisi unaijua nchi hiyo, umekosea. Ukizidi kuhisi, nyamaza ule ugali wako.

Mimi naitwa Abeidi Kilongola. Najua umeuliza, "Nani huyo?" Wala sikuchukii, nimeshazoea. Lakini zama zile, bwana we, hilo lilikuwa jina! Ndimi niliyekuwa nikisoma kadi za salamu redioni kila adhuhuri. Watu walinunua kadi, wakaandika kwamba wanamsalimu shangazi, fundi cherehani, na jirani aliyehamia machimboni, nami nikazisoma kwa sauti ambayo wasikilizaji waliifananisha na asali. Sikuwabishia. Hiyo ndiyo kazi iliyonifanya nijione nyota: kusoma majina ya watu wengine. Kichwa kilinivimba mpaka kofia za dukani zikawa hazinitoshi.

Sasa sikiliza mkasa. Nchi ilikuwa imechafuka. Unga umepanda bei, watu wa milimani hawasemezani na watu wa mtoni, wanafunzi wanarusha mawe na wazee wanarusha maneno. Katikati ya vurugu hiyo, golikipa wa timu ya taifa akafa kwa homa, Mungu amlaze pema. Loo! Nchi nzima ikalia kilio kimoja. Wa milimani akamkumbatia wa mtoni. Wanafunzi wakayaokota mawe yao wakaenda kujengea kaburi. Hakuna aliyeuliza bei ya unga mpaka arobaini ikapita.

Baba Mlezi aliyaona yote hayo kutoka dirishani kwake, akatamka maneno ambayo sasa yamechongwa juu ya mlango wa benki kuu: "Njaa hutenganisha, msiba huunganisha." Kabla wiki haijaisha akaunda Idara ya Huzuni ya Taifa. Mkuu wake akawa Dakta Lubinza, msomi aliyekwenda ng'ambo kusomea namna watu wanavyolia, akarudi na shahada na suti ya kijivu ambayo hakuivua tena.

Dakta Lubinza akatuita mashuhuri wote ukumbini. Alikuwepo kijana mwanamuziki mwenye mikufu mingi kiasi kwamba akikohoa inalia. Alikuwepo mshambuliaji wa timu kubwa, mwigizaji wa filamu, na mhubiri anayeponya kwa maji ya chupa. Na mimi nikawekwa pembeni, karibu na feni mbovu. Nafikiri waliniita ili kiti kisibaki wazi.

"Mabibi na mabwana," akaanza Dakta Lubinza, "huzuni ni rasilimali. Nchi yetu imejaaliwa huzuni tele ambayo haijachimbwa! Kosa la serikali zilizopita lilikuwa kuiacha misiba ijitokee yenyewe, kiholela, bila mpango, bila ratiba, bila mgeni rasmi. Idara yangu inamtafuta kipenzi mmoja ambaye kifo chake kitawahuzunisha wananchi kuliko kifo cha mwingine yeyote. Huyo atatunukiwa cheo cha Marehemu Mtarajiwa wa Taifa."

Tukapiga makofi. Haki ya Mungu, tulipiga makofi! Tena wengine tulisimama. Ulipofika wakati wa maswali, mwanamuziki akauliza kama picha yake itachapishwa kwenye fulana. Mwigizaji akauliza nani atampaka poda. Mhubiri akauliza kama sheria inamruhusu kufufuka. Mimi nikauliza kama nitatajwa kabla ya taarifa ya habari au baada. Kati ya vichwa vyote vile vyenye majina makubwa, hakikutoka hata kimoja kilichouliza swali ambalo mke wangu aliniuliza kabla sijamaliza kuvua viatu.

Mke wangu ni Zamoyoni, Mama Tunu. Alikuwa ameketi uani anachambua mchele.

"Na huyo mshindi anapata nini?" akauliza.

"Heshima."

"Heshima ya kufanya nini?"

"Ya kuwa wa kwanza."

"Wa kwanza kwenda wapi, Baba Tunu?"

"Aa, Zamoyoni, mambo ya sanaa wewe huyajui."

Akanitazama, akarudi kwenye mchele wake. Ndivyo tulivyokuwa tukiishi sisi: mimi naongea, yeye anachambua mchele. Mtoto wetu Tunu alikuwa ameshaolewa mbali na ana watoto wake, kwa hiyo nyumbani nilikuwa na msikilizaji mmoja tu, na niliona hanitoshi.

Idara ikaanza vipimo. Maofisa waliingia wilayani na kipaza sauti, wakatangaza kwamba fulani amefariki, kisha wakagawa vitambaa vyeupe vya kufutia machozi. Watu wakimaliza kulia, vitambaa vinakusanywa na kupimwa kwenye mizani ya bucha. Jasho lilikatazwa. Kamasi ilizua mjadala mkali sana, ikapelekwa kwa mwanasheria mkuu, ambaye mpaka leo hajatoa uamuzi.

Kwa mwanamuziki mambo yalienda kombo. Mashabiki wake walijipiga picha wakiwa na nyuso za kulia, wakazirusha mitandaoni, vitambaa wakavirudisha vikavu kama vilivyotoka dukani. Kwa mshambuliaji, nusu ya mji ililia, na nusu nyingine, wale wa timu pinzani, wakachinja mbuzi. Waumini wa mhubiri walikataa kabisa kulia, wakakaa na virago wakisubiri siku ya tatu. Mwigizaji naye watu walisema, "Huyu tumeshamwona akifa mara ngapi? Subirini sehemu ya pili."

Kisha ikafika zamu yangu. Nikavaa miwani myeusi na kofia ya mkwe wangu, nikajipenyeza sokoni nijionee mwenyewe mji ukianguka chini kwa kilio.

"Tunasikitika kutangaza," akasema ofisa, "kwamba Abeidi Kilongola, msoma salamu maarufu, hatunaye tena."

Muuza nyanya akainua kichwa. "Kwani alikuwa hajafa?"

"Alikufa zamani huyo," akajibu wa vitunguu. "Mazishini nilikwenda mimi mwenyewe. Pilau ilikuwa na mawe."

Nilitaka kuvua miwani niwaambie mimi huyu hapa, mzima wa afya. Lakini yule mama wa vitunguu alikuwa na uhakika mno na ile pilau yangu, nikaona haya kumharibia. Nikanunua nyanya nikaondoka. Jamani, niliumia! Mtu anaweza kustahimili kufa, lakini kufa bila mtu kuacha kupanga nyanya?

Mtu mwenye akili angekwenda nyumbani akamshukuru Mungu. Mimi nilikwenda kwa Mshamu Ngatunga, mwenyekiti wa Umoja wa Watuma Salamu.

"Mzee wetu, unataka tukulilie?" akaniuliza.

"Kidogo tu, Mshamu. Nisiaibike."

"Watuma salamu hatujui kidogo," akasema, akajipiga kifua. "Waambie Idara warudie."

Kipimo kikarudiwa. Alfajiri Mshamu akatoka mlangoni kwake, akashika kiuno, akapaza sauti kwa utaratibu uleule wa kadi zetu: "Ni mimi Mshamu Ngatunga wa Kisima cha Punda, namlilia Abeidi Kilongola nikiwa barazani kwangu. Wanaolia pamoja nami ni mke wangu mkubwa, mke wangu mdogo, fundi baiskeli, na mkwe wangu ambaye hatusemezani ila kwa leo tumesameheana!" Waliotajwa, kwa heshima ya kutajwa, wakatoka nje na kulia, kila mmoja akataja na wake. Katika nchi yetu ukitajwa huwezi kukaa kimya, ni utovu wa adabu. Kilio kikavuka mtaa, kikavuka wilaya, kikapanda mlima, kikateremkia mtoni. Walilia watu ambao hawajawahi kumiliki redio. Mnyororo wa mizani ya bucha ulikatika.

Nilikuwa nimejificha nyuma ya ukuta nikisikiliza, na machozi yakanitoka kwa furaha. Ulikuwa msiba mzuri sana ule. Nilichosikitikia ni kwamba wenyewe ukifika nisingekuwepo.

Nikatangazwa mshindi. Dakta Lubinza akanivisha shada la maua shingoni, lile la kuweka juu ya kaburi, kwa kuwa Idara ilikuwa na hayo tu. Baada ya soda akanivuta pembeni na kuniambia kwa upole kama daktari wa meno:

"Basi, ndugu, itakuwa Ijumaa, baada ya taarifa ya habari ya adhuhuri."

"Nini itakuwa Ijumaa?"

"Kufariki kwako."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ijumaa ipi, mheshimiwa?"

"Hii inayokuja. Jumatatu inasomwa bajeti, na unga unapanda tena. Ni lazima wananchi wawe na jambo."

"Lakini mimi siumwi!"

"Hilo lisikutie wasiwasi. Afya yako haitazuia chochote."

"Nitakufaje sasa?"

"Hayo ni ya Kitengo cha Utekelezaji," akasema, akijifuta soda mdomoni. "Mimi nashughulika na huzuni tu. Tusiingiliane kazi."

Nilikimbia kwa wenzangu. Mwanamuziki, ambaye wiki iliyopita alinitukana kwamba nimehonga wapiga kura wa machozi, sasa alinishika bega akasema, "Mzee, ulishinda kihalali. Tusiharibu mashindano." Mhubiri aliahidi kuniombea, ila si kabla ya Ijumaa, maana asingependa kuingilia mipango ya Mungu na ya serikali kwa pamoja.

Nilipofika mtaani kwetu nikakuta greda. Barabara yetu, ambayo tulikuwa tukiiombea lami tangu mimi kijana, ilikuwa inawekewa lami mpaka mlangoni kwangu, kwa ajili ya msafara wa Baba Mlezi. Jirani yangu Mzee Mpalule alikuwa amesimama kandokando, mikono nyuma, macho yamemlowa.

"Kilongola ndugu yangu," akasema, "usituangushe."

"Mpalule, wataniua!"

"Sasa? Kufa ni faradhi, lami ni bahati."

Ndani, Mama Tunu alikuwa na ungo wake mapajani. Nikamweleza yote, kwa mara ya kwanza bila sauti ya redioni. Ungo ukamtoka mikononi, mchele ukamwagika sakafuni. Hakunisuta, wala hakuniambia "nilikuuliza." Akaanza kuuokota mchele, kisha akasema, "Kuna mazoezi?"

"Alhamisi, uwanjani. Baba Mlezi mwenyewe atakuwepo."

"Na watani wamewekwa kwenye ratiba?"

Hapo nikueleze, wewe usiye wa huko. Watu wa mtoni na watu wa milimani ni watani. Mababu zao walipigana mpaka wakachoka, wakakubaliana kwamba badala ya kuuana watachekana. Akifa wa milimani, wa mtoni anakuja msibani kumkejeli marehemu, kumwigiza alivyokuwa akitembea na akila, kuwaigiza hata wafiwa wanavyolia, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Mimi ni wa milimani. Zamoyoni ni wa mtoni. Na Baba Mlezi alikuwa ametoa amri kwamba kila sherehe ya taifa iheshimu mila na desturi, hivyo kwenye ratiba, kati ya hotuba na mizinga, iliandikwa: "Utani, kwa ufupi."

Alhamisi nikalazwa ndani ya jeneza katikati ya uwanja. Sitasema uongo, lilikuwa jeneza zuri, lenye mto laini kuliko wa nyumbani. Baba Mlezi akahutubia: "Tumempoteza, yaani tutampoteza, mwana mwema wa taifa..." Wanawake wakaanza kwikwi. Nami mle ndani nikashikwa na uchungu mkubwa kwa ajili ya huyo mtu mwema anayesemwa. Kisha akaitwa mtani.

Mama Tunu akapanda jukwaani na kanga yake kiunoni, akashika kipaza sauti kama anashika mwiko.

"Haya, sogeeni mumwone huyu mnayemlilia! Ati sauti ya asali! Asali gani inayokoroma mpaka paka wa jirani akahama? Juzi mwizi kaingia ndani. Mimi nimeshika mchi. Shujaa wenu yuko chini ya kitanda, anasema kwa sauti ya redioni, 'Mpendwa msikilizaji, hatupo nyumbani!'"

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

"Akila samaki anaanza na kichwa, ati kinaongeza akili. Jamani, samaki wamekwisha mtoni, akili bado tunaisubiri! Anamwogopa kuku mwenye vifaranga, anazunguka nyuma ya nyumba nzima ili asimsumbue. Nanyi watu wa milimani, mkimzika mwekeeni kioo, maana bila kioo hatajua aangalie wapi!"

Uwanja ukalipuka. Watu walishikana mabega, walikaa chini, askari walijiegemeza kwenye bunduki zao. Na Baba Mlezi, ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, alicheka mpaka miwani ikamwangukia mapajani. Dakta Lubinza akashika kichwa. "Huzuni imeharibika!" akapiga kelele. Kanuni ilikuwa wazi: ukimcheka mtu leo, huwezi kumlilia kesho mbele ya mabalozi. Wakanivua shada, wakanitoa jenezani, na bajeti ikaahirishwa.

Ungedhani nilirudi nyumbani nikimbusu mke wangu miguu. Nilirudi nimenuna!

"Yale uliyosema, Mama Tunu... kumbe ndivyo unavyoniona?"

"Uko hai?"

"Niko hai."

"Basi nuna."

Kulipopambazuka greda likaondoka, lami ikaishia hatua chache kabla ya kwa Mzee Mpalule, naye akaacha kunisalimia. Lakini maneno ya Zamoyoni yalikuwa yameshasambaa. Shuleni watoto walijificha chini ya madawati wakisema, "Mpendwa msikilizaji, hatupo nyumbani!" Kanga zikachapishwa: AKILI BADO TUNAISUBIRI. Watu wa milimani na wa mtoni wakaanza kutembeleana ili kukumbushana alichosema. Wagonjwa walitaka wasimuliwe. Alipokwenda sokoni, muuza nyanya yule yule alimkumbatia, akamjazia kikapu, akakataa malipo. Nami nikabeba kikapu nyuma yake, na wivu ukinitafuna, nisikufiche.

Kisha asubuhi moja nikasikia mngurumo. Greda limerudi. Dereva akachungulia dirishani.

"Samahani, mzee. Kwa Bi Zamoyoni ni hapa?"

Nikakaa chini palepale, kwenye kokoto.

Idara ilikuwa imekwenda sokoni na kutangaza kwa kunong'ona tu kwamba Bi Zamoyoni anaumwa. Hawakusema amekufa. Muuza nyanya aliziacha nyanya zake juani akakimbia. Vitambaa havikutosha. Hakuna aliyemtaja mtu wala kuomba mtu alie, walilia wenyewe.

Dakta Lubinza akaja jioni kunipa mkono wa pole mapema, ili kuepuka foleni. "Wewe ndiye mfiwa mkuu," akasema. "Mazoezi Alhamisi."

"Na utani?" nikauliza. Nilikuwa nimeng'ang'ania hilo tu. "Utani upo?"

"Upo. Amri ya Baba Mlezi hatuwezi kuifuta. Mtani wake ni wewe, si ndiyo?" Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Tumesikiliza vipindi vyako vyote, ndugu Kilongola. Hatuna wasiwasi."

Nikasema, haya, kazi ni moja: nimcheke mke wangu, nchi icheke, apone. Nikaketi kufikiria kasoro zake. Nikafikiri mpaka chai ikapoa. Sikupata hata moja. Usidhani ni kwa sababu hana. Ni kwa sababu sijui. Nilijua majina ya shangazi wa watu nchi nzima, nilijua nani anamsalimu nani huko machimboni, lakini mwanamke niliyelala naye kitanda kimoja ujana wangu wote sikujua anaogopa nini, anacheka nini, anaimba nini akiwa peke yake.

"Mama Tunu, niambie kasoro zako."

"Mtani haambiwi. Mtani anajua."

"Basi nisaidie kidogo."

Akaacha kufua. "Mimi naogopa, Baba Tunu," akasema. "Usinifanye niwe mcheshi leo."

Siku zilizobaki nilimfuata kila alikokwenda, jikoni, kisimani, kwa jirani. Niligundua kwamba sufuria likichelewa kuchemka hulinong'oneza, kama anamsihi mtu. Niligundua kwamba mnofu mzuri wa samaki huuweka upande wangu, ndiyo maana mimi nikadhani anapenda mifupa. Niligundua ana kovu kisigino. Nikamuuliza la nini, akanitajia siku ambayo mimi nilikuwepo. Kila nilichogundua kilinichoma, na hakikuwa na kichekesho hata chembe.

Alhamisi ikafika. Mama Tunu akavua viatu vyake, akavipanga vizuri pembeni, akapanda mwenyewe ndani ya lile jeneza. Baba Mlezi akahutubia, na watu wakalia kwa dhati, si kwa vitambaa vya serikali. Dakta Lubinza alikuwa aking'aa kwa furaha. Wakaniita.

Nikashika kipaza sauti. Nikakohoa kile kikohozi changu cha redioni.

"Ndugu wananchi," nikasema, "huyu mnayemlilia... huyu mwanamke... huongea na sufuria."

Mtu mmoja akapenga kamasi.

"Huongea nalo vizuri," nikasema, "kuliko... kuliko mimi nilivyo..."

Kilio kikaja, na hakikuja kama cha wanaume wa milimani, cha kuinamisha kichwa. Nilibweka. Ile sauti ya asali ilikatika katikati ikatoka ya beberu anayeburutwa mnadani. "Meee-ke wangu!" Kamasi ikashuka, kofia ikaanguka, nikaikanyaga, nikateleza, nikaning'inia kwenye nguzo ya kipaza sauti. Na uwanja mzima, mama yangu, ukaanza kucheka. Walidhani ndio utani wenyewe, kwamba namwigiza mfiwa!

"Msicheke!" nikalia. "Nawaomba, msimchukue!" Wakazidi. "Nimeishi naye tangu nina nywele! Sijui chochote! Hata chai yake, hata chai, sijui anatia sukari au hatii!"

Wanaume wazima waligaagaa kwenye nyasi. Muuza nyanya alicheka mpaka watu wawili wakamshika mikono. Kadiri nilivyolia kwa uchungu ndivyo walivyokatika mbavu. Nami nilishaelewa kwamba kicheko hicho ndicho kinachomponya, lakini sikulia kwa kupanga. Nililia kwa sababu nilishindwa kunyamaza. Baba Mlezi aliinama, akapiga goti lake kofi, miwani ikaruka. Dakta Lubinza akaichana ratiba, akaitupa chini, akashuka jukwaani akitukana kwa lugha ya ng'ambo. Jumatatu bajeti ilisomwa hivyohivyo, bila msiba, na watu wakaisikia yote.

Nikapiga magoti kando ya jeneza, nikiwa bado nabweka, kwa maana kilio kikishaanza kwa mtu asiyekizoea hakijui breki. Mama Tunu alikuwa ameinuka, ameketi, ameshika kingo kwa mikono miwili. Katika uwanja ule mzima ni yeye peke yake ambaye hakucheka. Macho yamemjaa maji, akanifuta kamasi kwa upindo wa kanga yake.

"Sitii," akasema. "Niliacha tangu nilipokuwa na mimba ya Tunu."